Opera ya 'u': taifa la kubuni lilipopata sanaa yake

Mwezi Septemba 2010, ukumbi wa Zeebelt mjini The Hague, Uholanzi, ulifungua pazia kwa opera iliyoimbwa kwa lugha ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Watu hao ni Waklingoni, lile taifa la wapiganaji wa Star Trek lililoonekana kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1967. Opera yenyewe inaitwa 'u', yaani ulimwengu mzima na vyote vilivyomo. Muziki ni wa Eef van Breen, matini ni ya Kees Ligtelijn na Marc Okrand, na aliyeishika kazi nzima tangu wazo hadi jukwaani ni msanii Floris Schönfeld.

Bunilizi za kisayansi zimejaa mataifa ya kubuni. Mengi yana silaha, vyombo vya angani na ramani za sayari, lakini ni machache yenye nyimbo. Hata pale nyimbo zinapokuwepo, kwa kawaida hutajwa tu: mhusika anasema kwao kuna wimbo mkubwa wa mashujaa, msomaji anakubali, na hadithi inaendelea na safari yake. Katika kisa cha 'u', watu wenye taaluma zao walikaa chini wakaitengeneza sanaa ambayo ilikuwa imetajwa tu. Nakichambua kwa sababu kinajibu swali ambalo waandishi wengi wa bunilizi, wakiwemo wanaoandika kwa Kiswahili, hulikwepa: sanaa ya taifa lisilokuwepo inapata wapi uzito? Jibu langu ni kwamba uzito wa 'u' ulitokana na utii. Watunzi walijifunga kwa kila kipande kilichoachwa na waliowatangulia, hata vile vilivyoachwa kwa bahati tu, na pale walipojifunga zaidi ndipo kazi ilipopata sura ambayo hakuna opera nyingine iliyo nayo.

Sanaa iliyojulikana kwa uvumi

Kabla ya mwaka 2010, opera ya Waklingoni ilikuwa kama sifa ya mpishi ambaye hakuna aliyewahi kula chakula chake. Kila shabiki alijua ipo. Alijua pia kwamba Worf, Mklingoni aliyelelewa na binadamu na kuigizwa na Michael Dorn, anaipenda kwa moyo wote. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1991, Worf akiwa baa anamwomba mpiga kinanda mwenye mikono minne ampigie opera ya kwao, na jina la opera moja linatajwa: Aktuh na Maylota. Tunasikia vipande vichache, kisha kamera inahamia kwenye mambo mengine.

Miaka mitatu baadaye kikaja kipande kikubwa zaidi. Worf anampeleka mwanawe kwenye sikukuu ya kumkumbuka Kahless, mwasisi wa taifa lao, siku aliyomshinda dhalimu Molor. Waigizaji wanaimba pambano hilo katikati ya watu, na mtazamaji anaruhusiwa kuingia ndani ya mchezo. Worf anaingia, anaimba, anapigana. Binafsi naona hii ndiyo mbegu halisi ya 'u', kuliko baa ya mwaka 1991. Baa ilitupa jina la opera tu. Sikukuu ilitupa namna ya utendaji: wimbo unaokwenda sambamba na silaha, na hadhira isiyokaa kimya.

Vipande vingine vilitawanyika kwa miaka na miaka. Kuna kipindi cha mwaka 1989 ambamo Worf anaeleza mapenzi ya kwao: mwanamume husoma mashairi ya mapenzi, na mwanamke hunguruma na kumrushia vitu vizito. Kuna simulizi ya mwaka 1992 inayosema Kahless alipigana na ndugu yake Morath siku 12, mchana na usiku, kwa sababu ndugu huyo alivunja ahadi na kuiaibisha familia. Mwaka 1993 tukaambiwa jinsi upanga wa kwanza wenye ncha mbili ulivyofuliwa: Kahless alikata shungi la nywele zake, akalichovya katika moto wa volkano ya Kri'stak, akalipoza katika ziwa, akalisokota likawa silaha. Mwaka 1996 tukasikia habari za Lukara, mwanamke pekee aliyebaki kusimama na Kahless mjini Qam-Chee wengine walipokimbia.

Ukiviweka vipande hivi pamoja unaona jambo linaloweza kumkatisha tamaa mtunzi yeyote. Kila kimoja kiliandikwa na mtu tofauti, kwa haja ya hadithi ya wiki ile. Hakuna aliyekuwa na utenzi mzima kichwani. Vingine vinagongana: Kahless mwenyewe, alipoonekana mara ya kwanza mwaka 1969, hakuwa nabii wala mkombozi. Alikuwa mmoja wa waovu wa kihistoria waliopangwa upande mmoja na Genghis Khan. Miaka 20 na ushei baadaye amekuwa mtu ambaye taifa zima linamngoja arudi. Aliyetaka kuandika opera ya Kahless alikuwa na mlima wa mabaki yasiyolingana mbele yake.

Lugha iliyozoea kutii

Kilichoifanya kazi iwezekane kwanza ni lugha. Marc Okrand ni mwanaisimu wa Marekani aliyeandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu Kimutsun, lugha ya wenyeji wa California ambayo wasemaji wake wa asili walikuwa wamekwisha kufa. Mtu aliyezoea kuijenga sarufi kutoka kwenye maandishi ya zamani, bila msemaji wa kumuuliza, ndiye aliyepewa kazi ya kuwatungia Waklingoni lugha kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya mwaka 1984. Kamusi yake ikatoka mwaka uliofuata.

Okrand hakuanza na ukurasa mtupu. Katika filamu ya mwaka 1979 Waklingoni walikuwa wamekwisha kutamka mistari michache, sauti zilizobuniwa na mwigizaji James Doohan. Okrand angeweza kuzitupa. Badala yake alizichukua kama ushahidi, akaijenga fonolojia yake, yaani mfumo wa sauti za lugha, ili zikae ndani yake. Kisha, wakati wa kupiga filamu, waigizaji walipokosea matamshi na mkurugenzi akaridhika na picha, kosa likaingizwa kwenye sarufi au msamiati kana kwamba Waklingoni wamekuwa wakisema hivyo tangu zamani. Tabia hii ya kukiheshimu kila kilichokwisha kusemwa ndiyo iliyoihamishia opera mwenendo wake.

Lugha iliyopatikana ina konsonanti 21 na irabu tano. Mpangilio wake wa kawaida ni yambwa, kitenzi, kiima, kinyume cha tuliouzoea. Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, kitenzi chake hakishangazi sana, kwa kuwa kinabeba mtenda na mtendwa ndani ya neno moja, na viambishi vya kutendana na kutendesha vipo. Anayeweza kusema "ninakuona" kwa neno moja hatapotea anapokutana na qalegh. Kinachotisha ni sauti: zinazotoka kooni, zinazolipuka, zinazokwaruza.

Mwaka 1991 lugha hii ilipewa mtihani wake wa kwanza wa kifasihi. Katika filamu ya mwaka huo, kiongozi wa Waklingoni anawaambia wageni wake wa duniani kwamba Shakespeare hujamwonja mpaka umsome katika Kiklingoni cha asili. Anasema kwa fahari kabisa, mezani, na mstari maarufu wa Hamlet, ule wa kuwa au kutokuwa, unasikika kwa lugha yao. Okrand alikuwa ameitunga lugha bila kitenzi cha "kuwa", hivyo ilimbidi atafute njia nyingine. Pendekezo lake la kwanza, lililohusu kuishi, halikumridhisha mwigizaji Christopher Plummer, na ndipo ikatumika taH pagh taHbe', inayosimama juu ya kitenzi cha kuendelea. (Katika filamu hiyohiyo, Uhura, mhusika ambaye jina lake limechotwa kwenye Kiswahili, analazimika kupekua vitabu ili awajibu walinzi wa Kiklingoni.)

Wapenzi wa lugha wakaichukua kauli ile ya mezani kama agizo. Mwaka 1996, chini ya Taasisi ya Lugha ya Kiklingoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1992, Nick Nicholas na Andrew Strader walikamilisha Hamlet nzima kwa Kiklingoni, na kuiwasilisha kana kwamba ndiyo matini asilia na ya Kiingereza ni ya kughushi. Sisi tunalijua zoezi la namna hii. Julius Nyerere alipotoa Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye alikuwa anaionyesha lugha yake uwanjani. Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayobeba kisa chetu. Nyerere alimleta Shakespeare nyumbani kwenye lugha iliyokuwa na Utendi wa Tambuka tangu 1728 na hazina ya mashairi ya pwani nzima. Hamlet wa Kiklingoni alifika kwenye nyumba isiyo na mwenyeji. Kiklingoni kilikuwa na tafsiri kabla ya kuwa na utenzi wake.

Hilo ndilo pengo ambalo 'u' iliingia kuliziba.

Walivyoifanya

Schönfeld alianzisha kikundi alichokiita Klingon Terran Research Ensemble. Jina lenyewe linaeleza msimamo: hawa ni watafiti wa duniani wanaochunguza muziki wa Waklingoni. Walijitangaza kuwa wanaileta duniani opera halisi ya kwanza ya Kiklingoni. Wako watakaosema huo ni utani wa matangazo. Mimi nauchukulia kwa uzito, kwa sababu msimamo huo ulibadilisha maamuzi ya kila siku. Mtunzi huru huuliza, "Nataka nini hapa?" Mtafiti huuliza, "Kinachojulikana ni nini, na kinaniruhusu nini?" Swali la pili ndilo lililoongoza kazi.

Kuhusu hadithi, mabaki yalikuwa mengi. Walichukua Kahless na ndugu yake Morath aliyemsaliti, baba aliyepotezwa, safari ya kushuka kuzimu, kufuliwa kwa upanga, Lukara, na pambano la mwisho na Molor. Yote yakapangwa katika sehemu tatu, paq'yav, paq'raD na paq'QIH. Tatu haikuchaguliwa kwa sababu opera za Ulaya hupenda vitendo vitatu. Katika kamusi yake ya mwaka 1985 Okrand alikuwa amekwisha kueleza kwamba Waklingoni wa kale walihesabu kwa misingi ya tatu kabla ya kuhamia kwenye kumi. Kwa hiyo muundo wa mchezo ulitokana na namna taifa hilo lilivyohesabu zamani.

Kitabu kingine cha Okrand, cha mwaka 1997, kiligusia muziki. Kwa mujibu wake, muziki wa jadi wa Waklingoni una skeli ya sauti tisa, tofauti na ya saba iliyozoeleka Ulaya, na majina ya baadhi ya sauti hizo ni yaleyale ya tarakimu zao. Kuna msamiati wa ngoma, wa ala za nyuzi na wa ala za kupuliza, lakini hakuna aliyewahi kuziona ala hizo. Zikabidi zibuniwe na kuundwa, zipigike, zitoe sauti yenye adabu ya Kiklingoni, kama kitu cha namna hiyo kinaweza kusemwa.

Kanuni kubwa iliyoshika muziki na maigizo ni mgongano. Urembo kwa Mklingoni hutokea pale nguvu mbili zinapokabiliana. Hata hili halikuzuliwa. Limo kwenye yale mashairi ya mapenzi ya mwaka 1989 yanayojibiwa kwa vitu vizito, limo kwenye sikukuu ya mwaka 1994 ambapo kuimba na kupigana ni tendo moja. Kikundi kiliitazama tabia iliyorudiarudia katika vipindi vya miaka mingi, kikaitamka kama nadharia ya sanaa.

Halafu kuna mwaliko. Miezi kadhaa kabla ya onyesho, Okrand alisoma kwa Kiklingoni barua rasmi ya kuwaalika Waklingoni wenyewe, nayo ikarushwa angani kwa darubini ya redio ya Dwingeloo, chombo chenye sahani ya mita 25 kilichojengwa Uholanzi mwaka 1956. Ilielekezwa kwenye nyota ya Arcturus, iliyo umbali wa karibu miaka 37 ya nuru. Gazeti lolote lingependa habari hiyo, na ni kweli ilisaidia kuitangaza opera. Naiona pia kama hatua ya mwisho ya mantiki yao: ukishasema hii ni sanaa ya watu fulani, adabu inadai uwaalike wenyewe.

Kuimba kwa lugha isiyopenda kuimbwa

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Sauti ya opera ya Ulaya huishi kwenye irabu. Mwimbaji hufundishwa kuifungua irabu, kuishikilia, kuibeba juu ya ala zote. Kiitalia kilizaa opera kwa sababu maneno yake mengi huishia wazi. Kiswahili nacho kingeifaa opera, maana karibu kila neno letu linaishia kwenye irabu na taarab imeshatuonyesha irabu inaweza kunyooshwa kiasi gani. Kiklingoni kimejengwa kwa kukataa hilo. Hakuna neno linaloanza na irabu. Hata 'u', lenye irabu moja tu, huanza na kile kikwazo cha koo kinachoandikwa kwa alama ya juu. Silabi nyingi hufungwa na konsonanti, na baadhi ya konsonanti hizo, kama tlh ya batlh, yaani heshima, humaliza pumzi ya mwimbaji kwa kishindo.

Mtunzi mwenye uhuru wote angelainisha. Angeweka vokali ndefu, angemeza Q ya kooni, angesema ni lahaja ya kiimbo. Kikundi cha The Hague kilichagua upande mwingine, na matokeo yake ni kwamba utungo wa sauti unapata nguvu kwenye mwanzo na mwisho wa silabi kuliko katikati. Konsonanti inafanya kazi ya ngoma. Mwimbaji hasukumi wimbo mbele kwa pumzi ndefu peke yake. Anaukata, na kila mkato una uzito wa kupigwa. Ukiisikiliza bila kujua neno hata moja, unajua hawa watu wanaimba kwa namna ya kupigana. Hakuna aliyehitaji kuliamua hilo kwa ajili ya mandhari, lugha iliwalazimisha.

Mpangilio wa sentensi nao una tija ambayo sikuiona ikisifiwa vya kutosha. Chukua mfano wangu mwenyewe, si mstari wa opera: molor HoH qeylIS, Kahless anamuua Molor. Msikilizaji anaanza kumsikia anayekufa. Kisha anasikia tendo. Jina la aliyetenda linafika mwisho, pale mstari unapotua. Kwa mtunzi wa muziki hii ni zawadi. Kila mstari wa tendo unaweza kuficha mtendaji hadi noti ya mwisho, na katika hadithi ya usaliti, ambamo swali ni nani amefanya nini kwa nani, ufichaji huo ni nguzo ya tamthilia. Okrand aliuchagua mpangilio huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwa ni adimu katika lugha za binadamu, na alitaka Waklingoni wasikike kama wageni kweli. Miaka zaidi ya 25 baadaye, ugeni huo ukawa chombo cha kishairi.

Upande wa muziki siridhiki kwa kiwango hichohicho. Lugha ilikuwa na kamusi, sarufi, na watu wa kukusahihisha. Muziki ulikuwa na kurasa chache za kitabu cha 1997 na vipande vya televisheni ambavyo vyenyewe vilitungwa na Wamarekani waliosomea muziki wa Magharibi. Pale kanuni zilipokuwa nyembamba, van Breen alikuwa huru zaidi, na pale alipokuwa huru zaidi ndipo kazi inapokaribia mno ukumbi wa majaribio wa Ulaya: ngurumo, vishindo, kimya cha ghafla. Si kasoro ya kipaji. Ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwachia mtunzi kosa la kulitii. Lugha ilikuwa na makosa ya waigizaji wa 1984 yaliyogeuzwa kuwa sarufi. Muziki haukuwa na historia ya kukosea.

Na hadithi je? Imesimama imara, kwa sababu waliikubali migongano ya mabaki wakaipa sababu. Mtu mmoja anapotajwa mahali pamoja kama mpiganaji katili na mahali pengine kama mkombozi, utenzi wa jadi hauoni tabu: shujaa hupita hatua, na kila mji humkumbuka kwa hatua yake. Fumo Liyongo ni mshairi, ni mfungwa, ni jitu la vita, ni baba aliyeuawa na mwanawe, na hakuna anayedai tuchague mmoja. Kahless wa 'u' anapewa nafasi hiyo. Anaanza akiwa mtu wa hasira na kisasi dhidi ya ndugu, anashuka kuzimu, anarudi akiwa mtu wa taifa.

Baada ya pazia

Kazi haikuishia jukwaani. Mwaka 2011 matokeo ya utafiti yalichapishwa kama kitabu, paq'batlh, utenzi wa Kahless wenye Kiklingoni upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, tafsiri ya Kiklingoni ikiwa ya Okrand. Kwa wanaokisema Kiklingoni hili lilikuwa tukio kubwa kuliko opera yenyewe. Lugha ilipata msamiati mpya, na zaidi ya hapo ikapata lugha ya mababu, no' Hol, namna ya kale ya Kiklingoni iliyotumika katika sehemu za utenzi. Yaani kutunga sanaa kulilazimisha lugha iwe na zamani. Mtu anayesoma leo anaweza kusema neno fulani ni la kishairi, au limepitwa na wakati, kwa sababu kuna matini ya kulinganisha nayo. Hamlet ya 1996, pamoja na ukubwa wa kazi ile, haikuweza kufanya hivyo. Tafsiri huazima kina cha lugha nyingine.

Suala la umiliki lilijitokeza kwa ukali baadaye, kwenye kesi isiyohusu opera. Paramount na CBS waliishtaki timu ya filamu ya mashabiki iliyoitwa Axanar, na miongoni mwa vitu walivyodai ni vyao wakataja Kiklingoni. Mwaka 2016 chama cha watunzi wa lugha, Language Creation Society, kikawasilisha mahakamani hoja kwamba lugha inayotumiwa na watu haiwezi kuwa mali ya kampuni. Pande mbili zikaafikiana nje ya hukumu Januari 2017, na swali la lugha likabaki bila jibu la mahakama. Kwa maoni yangu kazi kama 'u' ndiyo ushahidi bora ambao chama kile kingeweza kuuonyesha. Kamusi inaweza kufungiwa kabatini na mwenye hakimiliki. Utenzi uliotungwa na Mholanzi na Mmarekani kwa lugha hiyo, ukaimbwa na waimbaji wa Ulaya na kusomwa na wanafunzi wa lugha popote walipo, umekwisha kuwa na maisha ambayo kampuni haikuyaanzisha.

Waliobaki nje ya jukwaa

Kuna jambo moja ninaloona 'u' ililiacha, na nalisema kwa sababu naipenda kazi hii. Opera ni ya shujaa, dhalimu, msaliti na mpenzi wa shujaa. Ndivyo tenzi za waasisi zilivyo, sawa. Lakini mabaki yenyewe yalikuwa na mlango mwingine. Mwaka 2003, katika kipindi cha Star Trek: Enterprise, wakili mzee wa Kiklingoni aitwaye Kolos anamwambia mteja wake wa duniani kwamba si kila Mklingoni ni mpiganaji. Baba yake alikuwa mwalimu na mama yake mwanabiolojia, na anasikitika jinsi tabaka la wapiganaji lilivyoimeza jamii nzima. Ni dakika chache tu, ila zinafungua taifa zima: kuna Waklingoni waliopika, waliofundisha, waliotetea watu mahakamani, na walioona heshima ikigeuka kuwa kiu ya damu.

Utii uleule uliowafanya wakipe uzito kosa la mwigizaji wa 1984 ungeweza kuwaongoza kwa Kolos. Sauti tisa za skeli hazikukatazwa kuimba darasani. Msamiati wa 1997 una vyakula, wanyama, zana na misemo ya mitaa tofauti. Okrand alieleza hata tofauti za kieneo na za kizazi katika usemaji. Vifaa vya kutungia wimbo wa mtu asiye na upanga vilikuwepo mezani siku ileile vifaa vya Kahless vilipochukuliwa. Kikundi kilichagua mwasisi, na kwa kazi ya kwanza ya fasihi ya taifa uchaguzi huo unaeleweka. Kwa kazi ya pili ningependa kuona utenzi ambao Molor ni jina la kodi tu, na anayeimba ni yule anayetakiwa kuilipa.